Bantu Balisema Nini juu ya Kilo

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Mwipwa wangu Syntiche,

Jambo sana. Uko muzima? Na baridi ya Liège inakuacha kidogo? Mama yako Wivine anasema huko muntu anavaa makoti mbili ata mwezi wa tatu. Sisi huku tuko bazima. Mvua ingali inanyesha, kiwanja ya nyumba yetu imekuwa kama ziwa. Tanti yako Deborah goti inamusumbua lakini bukari, ugali yetu, anapika tu. Mimi niko na nguvu zote. Juzi nilitoa motokari ya muntu ndani ya matope na mukono moja, ule mwingine ulikuwa unashika mwavuli. Uliza Lydie wa kibanda ya photocopie, aliona. Njo yeye anapiga hizi barua zangu picha na kukutumia, ju ile telefone yangu inajua kuita tu.

Sasa tuingie ndani ya mambo. Nimesikia filimu yako imeisha. Polisi babili ya roulage, bale ya barabarani, Kilo munene na Gramu mwembamba, filimbi moja, pea moja ya gants nyeupe za mikono, kila muntu anavaa mukono moja, na banakula feza ya bachauffeur ya muji muzima. Muzuri. Lakini nimesikia tena kuko fasi moja ya filimu, Kilo anapanda ndani ya taxi ju ya kumukamata chauffeur, anakataa kushuka, chauffeur anaendelea na safari yake, mpaka banafika kwenye ndoa, na Kilo anakula ndoa yote na anapewa kuku ya kubeba.

Syntiche. Ile ni yangu. Nilikuelezea na kinywa yangu, hapa kwenye kiti ya plastiki, ukiandika ndani ya kaye, daftari yako. Chauffeur nilikuwa mimi. Ndoa ilikuwa ya Kapya. Ile kuku ilikuwa na kilo sita.

Na unamuchukua nani kucheza Kilo? Casimir! Casimir wetu wa njia ya reli, ambaye mimi nilimufundisha kusimama mbele ya bantu! Mwaka wa 89, ndani ya troupe ya michezo ya parokia, mimi nilicheza mufalme. Unajua yeye alicheza nini? Alicheza mulango. Alisimama pale na ubao kwenye kifua, mufalme anapita, anafungua, mufalme anapita tena, anafunga. Leo bamaman ya soko, balimuona akicheza mbele ya kamera, banamupigia salute, "Mon commissaire!", na banamuongezea tomate. Mimi nimenunua kwa bale bamaman miaka makumi mbili, hakuna aliyenipa ata kitunguu.

Sisemi niko na wivu. Muntu kama mimi hawezi kuwa na wivu. Nauliza tu.

Tonton yako,
Stanislas


Liège, 16 Machi 2025

Tonton Stanis mupenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote. Mimi muzima, namushukuru Mungu. Pole kwa mvua. Umwambie tanti Deborah nimemutumia pomade ya goti kwa mikono ya muntu anayekuja Pasaka.

Ni kweli, tonton, hadithi ya taxi ni yako, na mwishoni mwa filimu jina lako limeandikwa. Lakini juu ya Kilo, ulisahau? Paulin, yule anayeongoza kamera, alikuita ufanye test. Alikuambia: uwe polisi anayengoja motokari juani, usiseme kitu. Ulisema dakika arobaini. Ulieleza vile ulisimamisha treni ya minerais, ya madini, na filimbi. Casimir yeye alisimama, akatoa kofia, akafuta jasho ndani yake, akaangalia barabara vile muntu anaangalia sahani tupu. Basi. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Usikasirike, ju nina kazi kubwa kwako. Tarehe 28 filimu itaonyeshwa Golf, mtaa wa matajiri, na tarehe 29 ndani ya salle, ukumbi wa parokia, Kampemba. Mimi siwezi kuja, na Paulin atakuwa Kinshasa. Telefone nimezikataza mulangoni, ili filimu isiibiwe. Kwa hiyo sitaona kitu, sitasikia kitu. Wale waliotupa njia, feza ya kutengeneza filimu, wanataka kujua bantu wanasema nini, kisha wataamua kama sehemu ya pili itakuwa na bachezaji bale bale.

Nilitoka huko nikiwa na miaka saba, tonton. Sijui bantu ya kwetu banaangaliaka filimu namna gani. Uwe masikio yangu. Lakini nakuomba, nakujua: usitie chumvi. Andika tu maneno, kama yalivyotoka mudomoni mwao. Maneno peke yake.

Mwipwa wako,
Syntiche


Bel-Air, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Mwipwa wangu,

Salamu nyingi. Goti ya tanti yako inaendelea, anakushukuru ata pomade haijafika. Mvua imepunguza. Nimefanya kazi yako vile ulisema, na kalamu mbili ndani ya mufuko, bila chumvi ata ya kutia kwenye yai.

Golf kwanza. Bantu ya Golf balikaa na maji ya baridi mukononi, miguu imepandana. Filimu ilipoisha balipiga makofi. Mama mumoja alisema: "C'est très intéressant", inavutia sana. Basi.

Sasa Kampemba. Salle ilijaa, bengine balikaa kwenye madirisha. Mimi nilikaa kwenye benchi ya pili, Lydie mbele yangu, na Casimir mwenyewe alikuwa pale nyuma na muke wake Chileshe. Naandika maneno.

Muuzaji ya mikate, Kilo alipotokea tu: "Weye mwizi! Mungu anaiona hiyo tumbo!"

Chauffeur ya taxi: "Mumutoe pale! Huyu njo yule ananimaliza kila siku!"

Muzee Chomba, alifanya miaka makumi tatu ndani ya mine ya shaba: "Toka nizaliwe sijaona muntu mubaya kama huyu."

Kuko polisi ya kweli alikuja na nguo za nyumbani. Fasi Kilo anaomba permis ya kuendesha kwa maiti ndani ya corbillard, motokari ya mazishi, yule polisi alisimama, akasema "Mimi siwezi tena", akatoka.

Fasi ya ndoa, ile yangu, salle yote ilipaza sauti pamoja: "Shuka! Shuka! Shuka!" Muntu mumoja akatupa kiatu kwenye ukuta fasi ya picha.

Juu ya Gramu hakuna aliyesema neno mubaya.

Haya ni maneno ya bantu, si yangu. Uliomba maneno. Mimi roho inaniuma kwa rafiki yangu, lakini kazi ni kazi.

Tonton yako,
Stanislas


Liège, 8 Aprili 2025

Tonton,

Salamu. Natumaini munaendelea vizuri. Mimi sivyo.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nililia. Golf bamepiga makofi, Kampemba bametukana. Wale wa nyumbani, ambao nilitengeneza filimu kwa ajili yao! Kiatu, tonton! Na ni ju ya Kilo peke yake. Nilimufanya mwizi wa kuchekesha na wao bameona mwizi tu. Labda makosa ni yangu, nilitaka kuchekesha na kitu kinachowauma kila siku.

Nimewapa barua yako wale waliotupa njia. Wameamua. Ndani ya sehemu ya pili Kilo amehamishwa, haonekani tena. Fasi yake anakuja polisi mupya, jina lake Commissaire Tonne, tani nzima. Na wamesema achezwe na muntu anayejua hadithi hizi toka mizizi. Ni wewe, tonton. Paulin ataanza mwezi wa saba.

Ninaogopa kitu kimoja. Casimir hajui. Wewe ni rafiki yake toka utoto. Umwambie pole pole, kabla sijamuandikia.

Syntiche wako


Bel-Air, tarehe 20 mwezi wa ine 2025, siku ya Pasaka

Mwipwa wangu wa zahabu,

Pasaka ya heri! Bwana amefufuka, na mimi pia! Pomade imefika, tanti yako leo alitembea mpaka kanisani bila kutukana mawe ya njia. Uko muzima? Usilie tena, mambo yote sasa iko ndani ya mikono yangu.

Commissaire Tonne! Ile jina imenikaa kama suruali ya kushonesha. Nimekwisha kuelezea avenue yote. Nafanya mazoezi ya filimbi asubuhi, majirani wanasema mbwa ya mpaka Golf inaitika. Unakumbuka ile treni ya minerais? Machiniste, ule anaendesha treni, aliniambia: "Papa, nilizani ni Mungu." Niulize kitu kimoja tu: jina langu itaandikwa mbele ao nyuma ya ile ya Gramu? Na herufi ya namna gani?

Juu ya Casimir. Alipita hapa misa ilipoisha, yeye na Chileshe, bametuletea mihogo. Akaniuliza: "Stanis, mwipwa wako anasema tutaanza lini?" Nikamwambia bado. Chileshe akacheka: "Huyu muntu kila siku ya posho, kila jumamosi, anapiga kofia pasi. Shati ya kanisa imekunjamana, lakini kofia ya polisi inang'aa!" Casimir akainamisha kichwa, vile unamujua, akala mihogo.

Nitamwambia. Haikuwa siku ya kusema, ilikuwa Pasaka. Unaweza kumuandikia weye kwanza, una Kifaransa ya kulainisha.

Muntu anaweza kuwa na bahati yake, sivyo? Yeye alikula mwaka muzima tomate ya bure.

Tonton yako,
Stanislas (Tonne)


Liège, 14 Julai 2025

Tonton mupenzi,

Salamu kwako na kwa tanti. Mbona kimya? Karibu miezi mitatu bila barua! Nimemuuliza Lydie, anasema kila siku unapita mbele ya kibanda yake na haugeuzi kichwa. Uko mugonjwa?

Casimir nilimuandikia mwezi wa sita, nikamweleza yote kwa upole. Hakujibu.

Lakini leo Paulin amenitumia habari, mustari mumoja, muntu huyu anasemaka kidogo: "Papa Stanislas alijua maneno yote. Bantu walipiga makofi." Makofi, tonton! Kama Golf! Nimeruka jikoni. Nieleze kila kitu.

Mwipwa wako anayejivuna na wewe,
Syntiche


Bel-Air, tarehe 20 mwezi wa saba 2025

Syntiche,

Salamu. Tanti yako muzima. Huku ni baridi na vumbi. Mimi siko mugonjwa.

Nieleze kila kitu, unasema. Basi keti.

Paulin alifunga kamba kando ya barabara hapa Bel-Air, bantu bakasimama nyuma yake, labda mia mbili. (Balikuwa makumi ine.) Nilitoka na uniforme, nikapiga filimbi, nikasimamisha taxi, nikasema maneno yangu yote, sikukosa ata moja. Nilipomaliza bakaangaliana. Kisha bakapiga makofi. Mama mumoja akasema: "Bravo, papa."

Ulitoka huku na miaka saba, kwa hiyo nitakufundisha kitu nilipashwa kukufundisha toka mwezi wa tatu. Huku kwetu, bantu bakikupigia makofi, banakusindikiza. Ni kama kumwambia muntu "pole na safari". Mucheza anayependwa hapigiwi makofi, anatukanwa. Banamuita mwizi, banamuita mubaya, banamufukuza, ju bamesahau kama ni mucheza. Wakati ya troupe nilikuwa narudi nyumbani, marehemu mama anauliza: "Balikutukana?" Nikisema balinitukana sana, ananipa nyama. Nikisema balipiga makofi, ananiangalia tu, anasema: "Lala, mwanangu."

Paulin akasema turudilie. Makofi. Mara ya tatu, makofi kidogo zaidi, bengine balikuwa banaenda kununua beignets, maandazi yetu. Nikasikia jasho inashuka ndani ya buti. Nikainua filimbi tena, na pale nyuma ya kamba sauti moja ikapiga:

"Weye Stanislas! Mwizi ya kuku! Rudisha hiyo suruali kwa mwenyewe, tumbo yako inalia!"

Bantu bakageuka, bakacheka. Nikaangalia. Alikuwa Casimir. Amevaa kofia yake ya polisi, ile ya pasi.

Alikuwa amekwisha kusoma barua yako, Syntiche. Alijua nimemuchukulia fasi. Na alikuja kusimama juani, akaona hakuna muntu ananitukana, akanitukana yeye. Ju ya kunisaidia. Nilipuliza filimbi, pumzi haikutoka. Ata treni ya kuchora kwenye ukuta haingesimama.

Sasa nakurudilia maoni ya Kampemba. Maneno ni yale yale, sikukudanganya neno ata moja. Niliacha tu kicheko. Soma tena, na kicheko ndani.

Ile muuzaji ya mikate alisema "Mungu anaiona hiyo tumbo" akiwa amelala kwenye bega ya jirani, kitambaa kimeanguka, machozi inatiririka. Yule chauffeur, "Mumutoe pale", alikuwa anapiga magoti na mikono miwili, na kila mara anasema "Ni yeye, ni yeye, Mungu wangu, ni yeye kabisa!" Muzee Chomba alisema hajaona muntu mubaya kama huyu, kisha akauliza: "Anaishi wapi, nimupelekee pombe?" Polisi alitoka kweli, "Mimi siwezi tena." Hakuwa anaweza kupumua. Alirudi na benzake batatu, bakasimama kwenye ukuta, na bao njo balicheka kupita bote, banapigana viwiko: "Ni weye! Hapana, ni weye!" Na ile "Shuka! Shuka!" balikuwa banaimba, Syntiche, na miguu, mpaka vumbi ikaanguka kwenye dari. Wa kiatu alitupa kiatu ju kicheko ilikosa fasi ya kutokea. Casimir mwenyewe akaenda kuokota, akamurudishia, na yule muntu akabeba Casimir kwenye mabega na muguu moja wazi.

Juu ya Gramu hakuna aliyesema neno mubaya. Ile pia sasa unaelewa.

Mimi nilikaa kwenye benchi ya pili. Benchi yote ilikuwa inatikisika. Mimi nilikuwa naandika. Ile kicheko ilikuwa yangu, ile ndoa ilikuwa yangu, na ilikuwa inapita juu ya kichwa yangu inaenda kwa Casimir. Lydie aligeuka kuniangalia, akaona sicheki. Tarehe makumi tatu nilipomupa barua apige picha, aliisoma mpaka chini, akaniuliza: "Tonton, njo hii tu?" Nikasema njo hii tu.

Jana nilienda kwa Casimir. Nilitaka kusema nilipita tu. Nikasema yote. Chileshe akasimama akaingia ndani, hajanisalimia mpaka leo. Casimir alitoa kofia, akaiweka kwenye magoti. Kisha akasema: "Stanis, mwaka wa 89 nilikuwa mulango yako. Ulipita mara mingi. Sikukufungia ata siku moja."

Fanya unavyoona. Waonyeshe wale waliokupa njia hii barua, yote, na aibu yangu ndani.

Na ile kuku ya ndoa ya Kapya ilikuwa kilo moja na nusu.

Tonton yako, kama ungali unataka kuniita hivyo,
Stanislas


Liège, 27 Julai 2025

Tonton,

Salamu kwa tanti Deborah. Kwako pia, lakini ndogo.

Nimekasirika. Sitaandika vile nimekasirika, ju mama amenikataza kutukana mukubwa, na sasa ninajua kwenu matusi ni zawadi. Sikupi.

Wale waliotupa njia wameisoma. Mumoja wao akaanza kucheka kwa ile ya bapolisi kwenye ukuta, na bengine bakafuata. Kilo anarudi. Commissaire Tonne amekufa kabla ya kuzaliwa.

Uniforme utaipiga pasi wewe mwenyewe. Utaipeleka kwa Casimir wewe mwenyewe, mukononi, mbele ya Chileshe.

Na kuko kazi moja. Paulin anasema kila siku bantu wanakusanyika nyuma ya kamba na wanaona haya ya kuanza, ju ya kamera. Anahitaji muntu wa kuwafungulia kinywa. Siku ya kwanza ya Casimir, simama nyuma ya kamba, umutukane.

Na kicheko, tonton. Mara hii usikiache.

Syntiche


Bel-Air, tarehe 3 mwezi wa munane 2025

Mwipwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti imepona kabisa, tanti yako anakimbia kupita mimi. Uko muzima? Hasira imeshuka ata kidogo?

Uniforme nilipiga pasi mpaka ungeweza kukata mukate na mukunjo ya suruali. Chileshe aliipokea, akaigeuza, akatafuta doa. Hakuona. Akasema "Keti." Njo tu, "Keti", lakini niliketi. Casimir aliivaa palepale. Inamutosha kupita mimi. Iliniuma, sitakuficha.

Jana tulianza. Nilisimama nyuma ya kamba na bantu bote. Casimir akatoka, akatoa kofia, akafuta jasho ndani yake, akaangalia barabara. Bantu banaogopa kamera. Basi nikafungua kinywa:

"Kilo! Mwizi weye! Ata kivuli yako inaomba bachauffeur makaratasi!"

Bakalipuka. Mama wa beignets akaweka sahani chini ju ya kutukana na mikono miwili, chauffeur mumoja akatoa kichwa kwenye dirisha, "Leo tumekukamata weye!", na Paulin alisimamisha kamera, alikuwa anacheka anaitikisa. Na mimi nilicheka, Syntiche. Ilianza hapa kwenye mbavu kama kitu ya muntu mwingine, kisha ikakuwa yangu.

Nikaona niendelee. Nikatukana ya pili, ya tatu, nikaanza kueleza bantu vile ile hadithi ni yangu, na treni, na ndoa ya Kapya. Muntu mumoja nyuma yangu, simujui, hajawahi kuniona, akanipiga kwenye bega akapaza sauti mbele ya bote:

"Weye muzee wa kinywa kama mulango ya soko, nyamaza! Tunataka kumuona mwizi wetu!"

Bantu mia mbili bakacheka. Mia mbili ya kweli, Paulin alihesabu.

Alinitukana, mwipwa wangu. Mimi.

Tonton yako,
Stanislas